Uzoefu wangu: ukatibu wa mkutano wa Jumatano hapa Chake Chake

Nilipochaguliwa katibu wa klabu yetu ya huduma, mkutano wa kila wiki ulikuwa umebaki jina tu. Kikao cha saa kumi kinaanza saa kumi na moja na nusu. Waliofika wanasomewa kumbukumbu za kikao kilichopita, zinafuata yatokanayo, kisha nasaha za wakubwa wetu. Mpaka tufike kwenye kazi yenyewe, magharibi inaadhiniwa na watu wanatafuta viatu vyao.

Na kazi yenyewe haina subira. Tunasaidia wagonjwa wa Pemba wanaoandikiwa kwenda kutibiwa Unguja. Mtu wa shamba, pengine hajawahi kuvuka bahari, anapewa karatasi ya rufaa ya kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja. Apande gari ya 603 mpaka Mkoani, apate tiketi ya boti, ashuke Malindi, bandari ya mjini Unguja, katikati ya wapagazi na madereva wanaomwita kila upande, na pa kulala hapajui. Sisi tunachangia nauli, tunamtafutia wa kumsindikiza, na tuna wenzetu wa kumpokea bandarini. Kikao kikivunjika Jumatano, kuna mgonjwa atakayeshuka boti asione wa kumshika mkono. Hilo lilinikaa rohoni kuliko jengine lolote.

Kwa hiyo nilianza na ratiba. Baada ya dua, wagonjwa mwanzo, mengine yote nyuma. Nilinunua kauntabuku nikaipiga mistari: jambo, nani, lini. Hatuandiki kwamba suala litafuatiliwa. Tunaandika nani atalifuata. Ukiifungua utakuta mistari kama hii: mtoto wa Micheweni, moyo, anasafiri na mama yake Jumamosi; nauli: fundi cherehani; kumpeleka Mkoani: Bi Nesi; kumpokea Malindi: yule ndugu yetu wa ghala la mchele. Jumatano inayofuata nasoma mstari mmoja mmoja kwa sauti, na mwenye jina anajibu “tayari” au “bado”. Hagombezwi mtu. Lakini mtu akisema “bado”, aghalabu mwenzake analibeba jambo pale pale, na huo ndio msaada ambao zamani ulikuwa hautokei, kwa sababu hakuna aliyejua mwenzake kakwama wapi.

Kugeuza ratiba kulitaka adabu. Nasaha zilikuwa za Maalim wetu, mwalimu mstaafu aliyetusomesha nusu yetu skuli, na huwezi kumwambia mtu kama huyo mbele za watu kwamba maneno yake yanakula muda. Nilimfuata barazani kwake baada ya isha.

“Shikamoo, Maalim.”

“Marahaba, mwanangu. Kaa.”

Nikamweleza habari ya bibi mmoja aliyekuwa amekaa bandarini na mtoto mgonjwa mpaka usiku, kwa kuwa sisi huku kikao kilikwisha kabla ya kupangwa nani ampokee. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, “Basi mimi niwekeni mwisho. Mgonjwa hawezi kuningoja mimi nimalize.” Toka siku ile yeye ndiye anayetufungia kikao, na nasema kwa moyo safi kwamba nasaha zake sasa zinasikilizwa zaidi, maana watu wameshatua mzigo wa kazi na masikio yao yapo.

Saa nazo tukazipanga upya: tunaanza saa kumi na moja kamili, baina ya alasiri na magharibi. Watu wameshasali, maofisi yamefungwa, na adhana ya magharibi ndiyo inayotumaliza. Hahitajiki mtu wa kugonga meza. Alhamisi tuliikwepa kwa sababu ya nyiradi za usiku wa kuamkia Ijumaa, na Ijumaa yenyewe watu wana mambo yao.

Kuhusu pa kukaa, niliazima jambo kwa Rotary, ule mtandao wa klabu za huduma wa dunia nzima. Sisi si tawi lao, lakini historia yao naipenda: mwanasheria Paul Harris na wenzake watatu walianza kukutana mjini Chicago tarehe 23 Februari 1905, na mwanzoni walikuwa wakizunguka kwa zamu, leo kazini kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Nasi tukaacha kukodi ukumbi. Tumekaa kwa fundi cherehani baina ya vitambaa, tumekaa darasani, tumekaa juu ya magunia ghalani. Ukikaa mahali pa kazi pa mtu unajua anaweza kubeba nini na nini hawezi. Fundi, kwa mfano, mikono yake imefungwa kabisa karibu na sikukuu, basi kipindi hicho jina lake halikai kwenye mambo ya kusafiri.

Faini za wachelewaji, ambazo klabu nyingi za aina hii wanazo, hazikutufaa. Kumtoza mtu mzima mbele za vijana ni kumvunjia heshima, na angetuhama. Tuliweka bakuli lililofunikwa kitambaa mlangoni. Aliyechelewa anatia anachojaaliwa, hatajwi, haulizwi, na pesa ile ni ya nauli za wagonjwa.

Mtihani mkubwa ulikuwa msimu wa karafuu. Mji wote unahamia mashambani. Mchana watu wako juu ya mikarafuu, jioni wanachambua, na ukiitisha kikao mjini utakaa na viti. Bi Nesi ndiye aliyetoa shauri: kama wao hawawezi kuja, sisi twende. Basi msimu mzima tulikutana baada ya isha uani kwa mwanachama mmoja nje kidogo ya mji, jamvi limetandikwa, taa inaning'inia, na kila mtu mkono wake kazini. Unashika kishada, unakisugulia kwenye kiganja, karafuu zinakatika: hizi upande huu, makonyo, yaani vijiti vyake, upande ule. Mimi nasoma daftari, wao wanajibu bila kuinua vichwa. Kina mama waliokuwa nadra kuja mjini walikuwepo wote, na wao ndio waliojua kijiji gani kina mgonjwa aliyefichwa ndani kwa kukosa nauli. Majina kadhaa tuliyapatia pale, ambayo ofisini yasingetufikia. Kurasa za miezi ile zina madoa ya mafuta ya karafuu mpaka leo, na sikutaka kuzinakili upya.

Baadaye kijana wetu mmoja alileta hoja tukutane mara mbili kwa mwezi. Alisema, na ni kweli, kwamba tangu 2016 hata Rotary wameziruhusu klabu zao kufanya hivyo badala ya kila wiki. Sikumpinga kwa hotuba. Nilifungua daftari nikasoma waliosafiri baina ya Jumatano mbili zilizopita, mmoja baada ya mmoja: ugonjwa, siku ya boti, nani alimpokea. Akaniomba nirudie jina la mwisho, alikuwa mtu wa kijijini kwao. Hoja akaiondoa mwenyewe.

Sasa tunapanga Ramadhani. Saa kumi na moja jikoni kuna moto katika kila nyumba, kwa hiyo kikao kitakuwa baada ya tarawehe, kifupi, wagonjwa tu na dua. Wenzetu wa Wete nao wanataka kuanzisha chao na wameomba waje kuona tunavyofanya. Nimewaambia wapande gari ya 606 Jumatano yoyote, ila wafike kabla ya saa kumi na moja, maana majina ya wagonjwa yanasomwa mwanzo.