Siku moja maishani mwa mwandishi wa ujumbe wa Korea: Osaka, 1719

Saa 11 alfajiri. Ujumbe wa watu 475 umekuja kumpongeza shogun, yaani mtawala wa kijeshi wa Japani, Tokugawa Yoshimune, ukiongozwa na balozi Hong Chi-jung. Ila wasomi wa Kijapani waliojipanga nje ya hekalu walikofikia wageni wanamtaka Shin Yu-han, ofisa wa tungo, aliyefaulu mtihani wa serikali mwaka 1713. Kwanza wino: matone machache ya maji kwenye kijiwe, kisha kipande cha wino husuguliwa taratibu kwa kuzungushwa. Maji yakizidi, wino unatapakaa kwenye karatasi. Ukiharakisha, unatoka na chengachenga.

Saa 2 asubuhi. Watu wa Tsushima, kisiwa cha Japani kilicho jirani na Korea, ndio wanaosimamia wageni. Mmoja wao, Amenomori Hoshu, anazungumza Kikorea. Wengi wa wasomi walio kwenye foleni hawakijui, lakini Kichina cha kale wanakisoma, kama anavyokisoma Shin. Basi msomi anaandika swali, karatasi inageuzwa, jibu linaandikwa. Mazungumzo marefu, na chumba kimya.

Saa 4 hadi magharibi ni mashairi tu, na hapa ndipo kazi ilipo. Msomi analeta shairi la mishororo 8, herufi 7 za Kichina kila mshororo, kila herufi ikiwa kama neno zima. Adabu inataka ajibiwe kwa herufi zilezile za vina, kwa mpangilio uleule: mwisho wa mshororo wa 2, 4, 6 na 8, mara nyingi na wa kwanza. Mwandishi hodari huziweka hizo mahali pake kwanza, ndipo anaujenga mshororo kurudi nyuma. Anayeanza na wazo zuri hukwama akifika kwenye kina.

Kuna na herufi za mwiko, za majina ya wafalme. Mwaka 1711 barua ya shogun ya kumjibu mfalme wa Korea ilikuwa na herufi ya jina la mfalme wa Korea wa zamani, Jungjong, aliyefariki 1544, na pande mbili zikazozana vikali. Herufi moja tu!

Saa 4 usiku foleni ingalipo. Makatibu watatu wanasaidia kujibu, mikono imechoka, lakini hakuna kulipua: wachapaji wa Japani huyatoa majibizano haya vitabu, na kina kilichokosewa leo kitasomwa na wasiomjua aliyekiandika.

Saa 8 usiku. Kijiwe kinaoshwa kabla ya kulala. Wino wa jana ukikaukia humo, wa kesho unatoka na madonge.