Asubuhi ndani ya Targa
Leo alfajiri mjomba alinichukua na Porsche 911 yake tukapanda Limuru Road. Mpaka sasa mwili unanisisimka! Injini imewekwa nyuma kabisa, kupita ekseli (mhimili wa magurudumu ya nyuma), silinda sita zikiwa zimelazwa, tatu kila upande, hivyo uzito unakaa chini. Ukikanyaga mafuta ukitoka kwenye kona, magurudumu ya nyuma yanang'ang'ania lami, unasukumwa kitini. Mjomba akanionya: "Mpwa wangu, usiachie mafuta ghafla katikati ya kona, mkia utataka kutangulia."

911 ipo ya paa gumu, ipo ya turubai, lakini moyo wangu uko kwa Targa kama hii ya mjomba, ile yenye upinde mpana nyuma ya viti na paa linalofunguka juu ya vichwa. Matuta tuliyavuka polepole mno. Baridi ya Limuru ikatuingia utosini, sikutaka paa lifungwe.