Uzoefu wangu: nilivyofuatilia maana ya jina Benyamini

Orodha nyingi za majina ya watoto huandika "mwana wa mkono wa kuume" na kuishia hapo. Si kosa, ila mengi yamebaki.

Nilianzia pale jina lilipotolewa, Mwanzo 35:18. Raheli, akikata roho katika uzazi karibu na Efrata, alimwita mtoto Benoni, "mwana wa huzuni yangu". Yakobo akamwita Benyamini. Ukisoma jina moja bila la pili, hutaelewa kwa nini baba alilibadili.

Kisha niliandika herufi za Kiebrania moja moja: bet, nun, yod, mem, yod, nun. Mbili za kwanza ni "mwana", ndugu wa "bin" yetu ya Rashidi bin Hamadi. Nne zilizobaki ni yamin, mkono wa kuume. Neno hilo tunalo pia kupitia Kiarabu: anayekula yamini anaapa.

Kwenye itifaki, yaani faharasa ya maneno ya Biblia, yenye namba za Strong ambazo hulipa kila neno la Kiebrania namba yake, jina ni 1144 na yamin ni 3225. Fuata hiyo 3225 mpaka Zaburi 89:12 utaikuta imefasiriwa "kusini", kwa sababu Mwebrania alihesabu pande akiwa ameelekea mashariki. Rashi, mfasiri wa karne ya 11, alishika hapohapo: kaka zake Benyamini wote walizaliwa Aramu, kaskazini, huyu peke yake Kanaani, kusini. Kwangu hoja hiyo ina uzito, ingawa mkono wa kuume, mkono wa heshima, ndio unaojibu vizuri zaidi kilio cha Raheli.

Wengi hupotea kwenye herufi ya mwisho. Torati ya Wasamaria ina mem badala ya nun, na jina linakuwa "mwana wa siku", yaani wa uzeeni, kama Mwanzo 44:20 inavyomweleza. Ukiona maana hiyo mahali, uliza imetoka nakala ipi.

Benoni nayo ina mtego. Oni ni "huzuni yangu", lakini herufi zilezile katika Mwanzo 49:3 ni "nguvu zangu". Mimi nabaki na huzuni. Mama yule alikuwa anakufa.

Usiiache Waamuzi 20:16, penye Wabenyamini 700 wenye mashoto, hodari wa kombeo. Kiebrania hakisemi "kushoto" hapo. Kinasema mtu aliyefungwa mkono wake wa kuume, kwa neno lilelile, yamin.