Tatu au nane?

Baridi ya Julai hapa Mbeya inamfungia mtu ndani, na mimi nimefungiwa na monita. Ni ya inchi 27, 4K, ya mtumba, imewekwa kwenye duka moja la pembejeo huko Uyole, kwenye kompyuta ya Linux niliyomfungia mwenye duka. Kwa ukuzaji wa asilimia 100 maandishi ni madogo mno, kwa 200 skrini inajaa upesi. Nikaweka 150. Kivinjari kikatoka safi kabisa, herufi kali. Programu ya stoo ikaingia ukungu.

"Kaka, hii mifuko ya DAP ni mitatu au minane?"

Mwenye duka ana haki ya kuuliza, mifuko mitano ni hela nyingi. Akaniuliza tena: kama 150 ipo kwenye mipangilio, mbona haifanyi kazi kotekote?

Ile namba ni ombi tu. Anayelipokea ni kompozita, yaani programu inayopanga madirisha yote kwenye skrini, lakini anayechora herufi ni kila programu kwa nafsi yake. X11, mfumo wa 1987 wa kuonyesha madirisha kwenye skrini, haukutengenezwa kwa dunia ambayo kila skrini ina kipimo chake. Wayland, mrithi wake aliouanzisha Kristian Høgsberg mwaka 2008, ulilijua hilo, ila kwa miaka mingi ulikubali namba nzima tu. Ukitaka moja na nusu, yaani ile 150, programu ilichora kwa mbili, kisha picha ikapunguzwa. Ni kama kushonewa koti la baba halafu fundi akalibana: linakukaa, lakini mishono inaonekana. Itifaki, yaani makubaliano ya lugha kati ya programu na kompozita, ya vipimo vya katikati ilitoka Novemba 2022, na hata hapo kila programu ilibidi ijifunze kuiitikia.

Ya stoo haijajifunza. Ni ya X11, inaingilia mlango wa XWayland, daraja la programu za X11 kuingia Wayland, inachora kwa moja, na kompozita inaivuta ile picha mpaka ifike 150. Ukungu unatokea hapo.

Nilihakikisha kwa xeyes, kale kaprogramu ka macho mawili yanayofuata mshale. Mshale ulipokuwa juu ya kivinjari, macho yaliganda. Nilipoupeleka juu ya stoo, yakaanza kuzunguka. Programu za X11 zinaona mshale ukiwa kwa wenzao wa X11. Ukiingia kwenye dirisha la Wayland, hazina habari. Firefox ilihamia Wayland kwa kawaida toleo la 121, Desemba 2023, ndiyo maana haikusumbua. Mwenye duka aliyapenda yale macho kuliko monita yenyewe.

Kwenye draiva, yaani programu inayoendesha kadi ya picha, mambo ni magumu zaidi, maana huwezi kuyazunguka. Kasi ya skrini inayobadilika kufuata picha, kwa kadi za AMD, iliingia kwenye kerneli, kiini cha Linux, toleo la 5.0 mwaka 2019, lakini kompozita nazo zilichukua muda wao kuifuata. Draiva ya NVIDIA ilipata GBM, njia ya kutenga kumbukumbu za picha ambayo wengine walikuwa wanaitumia tayari, mwaka 2021 tu. HDR, yaani picha yenye mwanga na rangi za upana mkubwa zaidi, ndiyo inayodai wengi zaidi: monita, draiva, kompozita, na programu inayojua kusema rangi zake ni za namna gani. Itifaki ya rangi ya Wayland ilikubaliwa mwanzoni mwa 2025. Kwa hiyo siku hizi mtu akiniuliza kama Linux ina HDR, namuuliza kwanza ana kadi gani na anataka kufungua nini. Wengine huona nakwepa swali.

Kwa stoo, KDE Plasma, yaani mazingira ya madirisha ya kompyuta hii, ina chaguo la kuziacha programu za zamani zijikuze zenyewe. Nimelitumia. Tarakimu sasa ni kali, nane ni nane. Vitufe vimebaki vidogo kwa sababu aliyeiandika programu alivipa ukubwa wa pikseli zisizobadilika, na hapo mimi sina la kufanya. Nimemwandikia. Mwenye duka anasema atavizoea.