Bunju wa Mjomba

Nilirudi Wete likizo nikiwa mwaka wa pili chuoni, na kiherehere chake. Mama mdogo alikuwa ametoka Dar es Salaam kutibiwa saratani ya titi, nywele zimemtoka, amejilaza ukumbini. Mjomba, kaka yake, alikaa barazani akirekebisha dema.

"Hivyo huko mnasoma nini hasa?"

Nikamwaga. Utando wa kila seli una vijilango vya protini, chembe za chumvi zenye umeme hupita humo: sodiamu, potasiamu, kalsiamu. Neva na moyo haviendi bila ya vijilango hivyo. Sasa watafiti wamekuta baadhi ya seli za saratani ya titi zina vijilango vya sodiamu, na ndivyo vinavyozisaidia kupenya na kusambaa. Maabara wakiviziba, seli hupunguza kasi.

"Wanaviziba kwa nini?"

"Kwa sumu ya samaki bunju."

Nilijua atashangaa, ndiyo maana nikaishia hapo.

Alfajiri ya pili akarudi kutoka dikoni na kikapu. Ndani yake bunju, tumbo bado limevimba, miiba imesimama, meno manne yamebanana kama mdomo wa kasuku. Mjomba huyu huyu, utotoni mwangu, bunju akiingia demani alimtupa kwa kafi, hata mkono hamgusi. Leo anaomba kisu.

"Ini tu, kidogo. Nimpikie supu."

Nilimpokonya kikapu, adabu sikuikumbuka. Nikamweleza, sauti ikinitetemeka, kwamba sumu ile haichagui: inaziba vijilango vya neva, misuli ya kupumua inasimama na mtu akili anazo, na dawa ya kuiondoa hakuna. Kupika hakuiui. Tena kijilango cha seli zile za titi ni kile kile cha moyo, kwa umbo tofauti kidogo tu, na ni sugu kuliko vya neva; pumzi ingekatika kabla saratani haijaguswa. Ndiyo kazi iliyowashinda watafiti mpaka leo, kupata dawa ya kuziba cha saratani na kuuacha moyo.

Mjomba alinitazama muda mrefu.

"Jana hukunambia hayo."

Sikumwambia.

Akachukua jembe, akachimba nyuma ya mkarafuu, shimo la kufika gotini, paka wasije wakafukua. Alikuwa anashindilia udongo kwa mguu mama mdogo alipoita kutoka ndani.

"Mnazika nini huko asubuhi yote hii?"

"Samaki kaoza," mjomba akajibu.