Kitenge Kilichochuja

Mwaka 2019 mimi ndiye niliyekuwa nikishika simu ya duka la dada yangu, Mtaa wa Uhuru, Kariakoo. Picha za vitenge za kuweka mtandaoni nilipiga mimi; maneno ya chini yake aliyatunga mwenyewe: "Holandi orijino. Havichuji. Kariakoo nzima hakuna kama sisi. Bei njoo inboksi."

Alasiri moja mteja wa Morogoro akaandika chini ya picha ya kitenge cha zambarau: "Dada, kimechuja. Bitana nyeupe ya gauni imeharibika yote." Akaweka na picha.

"Huyo katumwa," dada akasema. "Futa, halafu mbloku."

Jora lenyewe lilikuwa bado rafuni, nikamwomba tulijaribu kwanza. Tukakata kipande cha upana wa vidole viwili, tukakisokota pamoja na kitambaa cheupe cha pamba, tukavitumbukiza katika glasi ya maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya unga kidogo kwa nusu saa. Cheupe kikatoka na madoa. Tukamwaga maji, tukarudia kwa kitambaa cheupe kingine, maana kitenge kipya hutoa rangi iliyobaki juu juu kinapofuliwa mara ya kwanza, na hilo si kasoro. Kasoro ni kuendelea kutoa. Chetu kiliendelea. (Chumvi na siki ambazo watu huelekezana hazisaidii kitu: rangi ambayo haikushika kiwandani haishikishwi na vitu vya jikoni.)

Uzi tuliouchoma ulitoa harufu ya karatasi na majivu laini, kwa hiyo pamba ilikuwa pamba kweli. Poliesta ingeyeyuka na kuganda kidonge kigumu. Ila ukingoni hapakuwa na Uholanzi. Vlisco, kiwanda cha vitenge cha Helmond, Uholanzi, kilichoanza 1846, huchapa jina lake kwenye ukingo wa kitambaa. Ukingo wa jora letu ulisifia ubora tu, bila jina la kiwanda chochote.

Dada alinyamaza kidogo, kisha akaniambia niandike, "Tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza." Nikakataa. Hayo ni maneno ya tangazo la kukatika maji; hayasemi nani kafanya nini. Tukaandika hivi: "Samahani dada yangu. Tumekijaribu leo na ni kweli kinachuja. Tulikuandikia havichuji kabla ya kukijaribu. Pesa yako tunairudisha leo, pamoja na nauli ya kifurushi. Kitenge baki nacho." Tulijibu palepale chini ya picha, si inboksi, kwa kuwa waliosoma majigambo walikuwa palepale. Hatukumwomba afute picha yake. Mteja akapokea pesa, hakusema asante, na komenti yake tukaiacha.

Kazi kubwa ikawa kurekebisha maelezo ya picha nyingine. Ya kitenge cha zambarau yakawa: "Kitenge cha pamba, yadi 6, upana inchi 45. Si Holandi. Rangi inachuja: kifue peke yake kwa maji baridi, kianike kivulini, usikitie bitana nyeupe. 15,000, nauli ya mkoani ni yako." Bei ikatoka inboksi. Filta nikaziondoa, kwa sababu zinakoleza rangi na mteja akifungua mzigo anaona kitu kingine. Nikawa napiga picha mlangoni asubuhi, kabla jua halijawa kali, bila flashi. "Zimebaki mbili tu" tukaifuta kila palipokuwa na jora zima. Neno "havichuji" lilirudi kwa vile tu vilivyopita kwenye glasi mara mbili.

Dada alitaka kuvuka hadi upande wa pili: "Sisi wadogo tu jamani, tuungeni mkono." Nilimzuia. Kulia njaa nako ni kujitangaza wewe badala ya kitambaa, na mtu wa Morogoro bado hajui upana wake ni inchi ngapi.

Mauzo ya juma lile yalishuka. Maswali yakabadilika: badala ya "bei gani?" watu wakawa wanauliza kama yadi sita zatosha gauni refu na kilemba, na kipi hakichuji. Hicho cha zambarau kilinunuliwa na fundi wa mapazia.

Duka la jirani liliendelea kuandika "Holandi orijino". Mzigo wao na wetu ulikuwa umeshushwa kwenye kirikuu kimoja.