Karabai ya baba na jivu linalong'aa

Mpwa wangu kaniuliza kwa nini karabai, ile taa ya presha, ilikuwa na mwanga mweupe, na chemli mwanga wa njano, ilhali zote zinatumia mafuta ya taa. Swali zuri mno, na jibu lake nalipenda.

Kwenye chemli au kibatari, ule unjano ni masizi. Chembe zake hupata joto kali ndani ya moto mpaka zinang'aa. Ndiyo maana ukiupandisha utambi kupita kiasi, chemni inakuwa nyeusi na dari inafuata.

Karabai haina utambi. Baba, mvuvi wa dagaa Ukerewe, alianza kwa kuwasha spiriti ili kupasha moto kibomba cha juu, kisha akapiga pampu. Presha inayasukuma mafuta hadi kwenye kibomba, yanageuka mvuke, yanachanganyika na hewa na kuungua bila masizi. Moto huo ni wa buluu, peke yake haumulikii hata sahani ya ugali. Kinachomulika ni kile kifuko cha nyuzi.

Kifuko hicho ni kazi ya Mwaustria, Carl Auer von Welsbach, aliyepata hataza yake mwaka 1885. Alichovya kitambaa kwenye chumvi za madini. Ukikiwasha mara ya kwanza, nyuzi zote zinaungua na kubaki jivu lenye umbo lile lile la kifuko, na jivu hilo ndilo linalong'aa. Mwaka 1891 akapata mchanganyiko bora: asilimia 99 oksidi ya thori, asilimia 1 oksidi ya seri, zote mbili ni metali. Huko Berlin, mwaka 1910, Max Graetz akaleta Petromax, taa ya presha ya mafuta ya taa.

Jivu ni jivu. Kifuko kipya kikishawashwa, nyumbani hakuna aliyeruhusiwa kubamiza mlango. Hata nondo mnene aliweza kukitoboa. Halafu taa hiyo hiyo inapakiwa mtumbwini, inapigwa na mawimbi usiku wa giza, maana wakati wa mbalamwezi dagaa hawaifuati taa vizuri. Mikono ya wavuvi wale naistahi sana.

Sasa wengi wanatumia balbu za LED na betri, na ni nafuu kubwa kwao. Vifuko vingi vya siku hizi navyo vina itri, metali nyingine, badala ya thori, kwa kuwa thori hutoa mionzi.

Ya baba ninayo, ila ngozi ya pampu imekauka. Anayemjua fundi Mwanza anielekeze.